Kiduha Hakimalizwi kwa Mbegu Moja

Ukiona ua la zambarau la kiduha limechanua katikati ya mahindi, jua hasara ilishaingia zamani. Gugu hili hukaa wiki kadhaa chini ya udongo kabla halijachomoza, na muda wote huo limeng'ang'ania mzizi wa mahindi likinyonya maji, madini na sukari. Juu ya ardhi mahindi yamedumaa. Majani yana michirizi ya manjano na yamenywea kana kwamba ni kiangazi, ilhali mvua imenyesha juzi tu na udongo bado ni mbichi. Mkulima anapalilia, anarudi baada ya wiki mbili, anakuta vichwa vipya vimejitokeza palepale. Si ajabu kwamba wapo walioamini shamba limerogwa.

Kiduha, au kayongo kama wanavyokiita Waluo, kina spishi mbili zinazotusumbua zaidi. Striga hermonthica, yenye maua ya zambarau, ndiyo iliyoota mizizi kuzunguka Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, Uganda na Tanzania. Striga asiatica ni fupi, maua yake mara nyingi ni mekundu, nayo huonekana zaidi mashariki na kusini mwa Tanzania, mpaka kwenye mpunga wa nchi kavu kule Kyela. Kenya peke yake inakadiriwa kuwa na zaidi ya hekta 200,000 zilizovamiwa, karibu zote magharibi mwa nchi, mahali ambapo mashamba ni madogo na mahindi ndiyo chakula cha kila siku. Shamba lililovamiwa vibaya linaweza kupoteza nusu ya mavuno, na mwaka wa mkosi likakosa kitu kabisa.

Kwa miaka zaidi ya 20 sasa maabara zimekuwa zikitoa silaha moja baada ya nyingine dhidi ya gugu hili: mbegu inayostahimili sumu, kuvu anayeua kiduha, mimea iliyohaririwa jeni. Nyingi zinafanya kazi, na hilo halina ubishi mkubwa. Kinachonishughulisha ni kwa nini kiduha bado kipo palepale kilipokuwa. Jibu langu ni kwamba tumezoea kuzipima silaha hizi kwa magunia ya msimu mmoja, wakati adui mwenyewe anahesabu kwa miongo. Ugomvi mkubwa wa GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki, ambao ndio umeteka mazungumzo ya bioteknolojia katika nchi zetu, umechangia kutuficha jambo hilo.

Tuanze na hesabu ya adui. Mche mmoja wa kiduha unaweza kutoa mbegu 50,000, na ukipata mwenyeji mzuri unafika 200,000. Kila mbegu ina urefu wa takriban milimita 0.3, ukizimwaga kiganjani utadhani ni vumbi la ugoro. Huchukuliwa na upepo, maji ya mvua, kwato za ng'ombe wanaoachiwa mabua baada ya mavuno, jembe la kuazima, hata mbegu ya mahindi au mtama iliyoanikwa chini kwenye shamba lenye gugu. Zikishaingia udongoni zinaweza kukaa hai miaka 10, pengine 20, zikisubiri. Kwa hiyo mkulima aliyeacha kiduha kikachanua mwaka mmoja anaweza kumwachia mwanawe deni.

Zinasubiri nini? Hapa ndipo sayansi inapopendeza. Mbegu ya kiduha haina akiba ya chakula ya kutosha kuishi peke yake. Ikiota mbali na mzizi hufa katika siku chache. Hivyo haioti mpaka isikie harufu ya mwenyeji. Harufu hiyo ni kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mizizi huzitoa kwa kiasi kidogo mno. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, jambo lililowashangaza watafiti kwa sababu pamba hailiwi na kiduha hata kidogo. Kwa karibu miaka 40 ikabaki kitendawili: mmea unapata faida gani kwa kumwita mwizi? Mwaka 2005 wanasayansi wa Japani wakakitegua. Mmea haumwiti mwizi, unamwita rafiki. Strigolaktoni ni wito kwa kuvu wa mikoriza, wale wanaoishi mizizini na kuuletea mmea fosforasi kutoka sehemu za udongo ambazo mizizi haifiki. Kiduha kimejifunza kuudukua wito huo. Miaka mitatu baadaye, 2008, ikabainika kwamba kemikali hizohizo ni homoni ndani ya mmea wenyewe, zikiamua mmea utoe matawi mangapi.

Mambo hayo mawili yana matokeo ya moja kwa moja shambani. La kwanza: udongo ukipungukiwa fosforasi, mmea hupaza sauti zaidi kumwita mikoriza, na kiduha nacho husikia vizuri zaidi. Upungufu wa naitrojeni nao hufanya hali iwe mbaya. Ndiyo maana kiduha hupenda mashamba yaliyolimwa mahindi juu ya mahindi bila samadi wala mbolea. Tanzania iliporudisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23, hakuna aliyeitangaza kama sera ya kupambana na kiduha, lakini kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa inaweza kuwa imefanya kazi hiyo kuliko miradi kadhaa yenye jina la gugu kwenye bango. La pili: huwezi tu kuuzima wito wa mmea. Ukiondoa strigolaktoni zote umeukosesha mmea rafiki yake wa fosforasi na umevuruga umbo lake. Mtafiti anayetaka mahindi yasiyoitikiwa na kiduha lazima abadilishe maneno ya wito bila kumnyamazisha anayeita. Tutalirudia hili.

Wapo waliokaribia kulimaliza gugu bila kugusa jeni za mahindi. Mwaka 1956 Striga asiatica iligunduliwa kwenye mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina, Marekani. Serikali ikaweka karantini, ikafuata shamba kwa shamba, na baadaye ikawa inapiga gesi ya ethilini ndani ya udongo. Ethilini huzidanganya mbegu kwamba mzizi upo. Zinaota, hazikuti kitu, zinakufa. Eneo lililovamiwa, ambalo lilizidi hekta 170,000, likabaki vipande vidogo. Gharama yake ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola, ikalipwa na serikali, kwa mitambo na wakaguzi na uvumilivu wa miongo. Mfano huo hutajwa mara nyingi kama ushindi wa teknolojia. Mimi nauona zaidi kama ushindi wa taasisi: kuna aliyekuwa na wajibu wa kurudi kwenye shamba lilelile mwaka baada ya mwaka.

Sasa turudi Afrika Mashariki, kwenye silaha iliyosubiriwa kwa hamu kuliko zote. Katika miaka ya 1980 huko Marekani, seli za mahindi zililelewa kwenye vyombo vya maabara pamoja na dawa za kuua magugu za kundi la imidazolinoni. Nyingi zilikufa. Chache zilizobaki zilikuwa na badiliko la asili katika kimeng'enya ambacho dawa hizo hukilenga, na zikakuzwa mpaka zikawa mimea kamili. Hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, wakishirikiana na Jonathan Gressel wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli na kampuni ya BASF, walilichukua badiliko hilo wakalihamishia kwa uzalishaji wa kawaida kwenye mahindi yanayofaa mazingira yetu. Kisha wakafanya jambo la akili: badala ya kunyunyizia shamba zima, wakaipaka dawa ya imazapiri, mojawapo ya kundi hilo, juu ya mbegu yenyewe. Gramu 30 hivi zinatosha hekta nzima. Mahindi yanaota bila kudhurika, mzizi unalijaza dawa eneo linalouzunguka, na kiduha kinachojishikiza mapema kinakufa kabla hakijanyonya chochote. Mwaka 2005 teknolojia ikazinduliwa Kenya, mbegu ikapewa jina la Ua Kayongo, na AATF, taasisi ya teknolojia za kilimo Afrika yenye makao Nairobi, ikachukua jukumu la kuisambaza.

Ua Kayongo inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ilikuwa na kila kitu ambacho watetezi wa bioteknolojia hukiomba. Haikuwa GMO, hivyo hakuna sheria iliyoizuia. Ilitoa matokeo ambayo mkulima aliyaona kwa macho ndani ya msimu mmoja. Ilikuwa na wabia wakubwa. Hata hivyo haikuenea kama ilivyotarajiwa, na sababu zake ni za dukani kuliko za maabara.

Ya kwanza ni upakaji wenyewe. Kampuni ya mbegu inayotaka kuuza Ua Kayongo inahitaji mashine na sehemu ya pekee, kwa sababu vumbi la imazapiri likigusa mbegu ya aina nyingine linaiua. Kampuni ndogo ikihesabu gharama hiyo kwa soko la wakulima wa nusu ekari, wengi wao wakiwa hawana fedha taslimu wakati wa kupanda, inaona afadhali iendelee na chotara zake za kawaida. Ya pili ni mkono wa mkulima. Magharibi mwa Kenya mahindi hupandwa pamoja na maharage, na mara nyingi mtu mmoja anadondosha mbegu zote mbili kutoka mifuko miwili. Mkono uleule ulioshika mahindi yaliyopakwa ukishika maharage bila kunawa, maharage hayaoti. Maelekezo yameandikwa kwenye pakiti: nawa kwa sabuni, na weka umbali kati ya mashimo ya mahindi na ya maharage. Ni sahihi kabisa, na ni magumu kabisa kufuatwa saa nne asubuhi mkiwa watu watano shambani, wingu limekaa vibaya na maji yako mtoni. Ya tatu ni desturi ya kuhifadhi mbegu. Anayechagua masuke mazuri akayatunza kwa msimu ujao anabaki na sehemu ya ustahimilivu, lakini dawa haipo tena juu ya punje. Anapanda silaha isiyo na risasi. Na mvua kubwa mapema nayo huweza kuishusha dawa chini, mbali na mizizi michanga.

Kuna la nne, ambalo Gressel mwenyewe alilionya tangu mwanzo: kiduha nacho kinaweza kuizoea dawa. Striga hermonthica haijichavushi, lazima ipate chavua ya mche mwingine, na kwa hiyo kila shamba lina mchanganyiko mkubwa wa kurithi. Katika mamilioni ya mbegu udongoni huenda zipo chache ambazo imazapiri haiziui. Ukitumia njia hiyo peke yake msimu baada ya msimu, unazichagulia hizo chache ziwe mama wa kizazi kinachofuata. Striga asiatica inajichavusha yenyewe, hivyo haina mchanganyiko mkubwa kiasi hicho. Mtu anayeshauri wakulima wa Siaya na yule anayeshauri wa Muheza hawapambani na adui mmoja, ingawa jina la mtaani ni moja.

Silaha ya pili ni ya bei rahisi na ya kuvutia zaidi, kwa maoni yangu. Mtafiti David Sands wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana alikuwa na wazo kwamba kuvu anayelishambulia gugu anaweza kuchaguliwa awe mkali zaidi kwa kumfanya atoe asidi amino kupita kiasi. Kuvu mwenyewe ni wa jamii ya Fusarium oxysporum, aina inayoshambulia Striga, na wale waliotumika Kenya walipatikana kwenye mimea ya kiduha iliyougua hukohuko magharibi. Kwa kuwalea pamoja na kemikali fulani maabara, wakachaguliwa wale wanaomwaga leusini, tirosini au methionini kwa wingi. Ukifikiria, ni picha ya kinyume cha imazapiri. Dawa ile hukinyima kiduha asidi amino za kundi la leusini. Kuvu huyu anakishindilia asidi amino mpaka mfumo wake unavurugika.

Namna ya kuwafikisha shambani ndiyo iliyonifanya niwapende watafiti hawa. Kuvu hukaushwa juu ya vijiti vya meno. Mzalishaji wa kijijini, ambaye mara nyingi ni mkulima mwenyewe, anapika wali, anauacha upoe kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, anachomeka kijiti, anafunika. Kila siku anakitikisa chombo. Baada ya siku tatu hivi punje za wali zimevaa utandu wa kuvu. Siku ya kupanda, mkulima anatupia kidole na gumba cha wali huo katika kila shimo pamoja na mbegu yoyote aliyonayo, iwe chotara au ya kienyeji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 na kundi la Henry Nzioki, kutokana na mashamba ya wakulima 500 magharibi mwa Kenya, yalionyesha mavuno kuongezeka kwa asilimia 56.5 msimu wa mvua ndefu na asilimia 42 msimu wa mvua fupi. Mwaka 2021 Kenya ikaisajili bidhaa hiyo kwa jina la Kichawi Kill.

Mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za sumukuvu kwenye mahindi atauliza: tunapanda Fusarium kwa makusudi? Swali ni halali. Jibu ni kwamba kuvu wana makundi madogo yaliyojibana kwa mwenyeji mmoja, na hili linashambulia Striga. Kabla ya usajili lilijaribiwa kwenye mazao mengine ili kuona kama linayadhuru. Udhaifu wake hasa uko kwingine. Ni kiumbe hai. Wali ukiiva mvua isije, unaharibika. Mzalishaji wa kijiji akihama au akiugua, wakulima wake wanakosa dawa msimu huo. Mlolongo wote umesimama juu ya watu wachache waliofundishwa vizuri, na mradi wa ufadhili ukiisha ndipo utakapojua kama biashara ya wali wa kuvu inajitegemea.

Silaha ya tatu ni kuubadilisha mmea wenyewe, na hapo mtama ndio mwalimu. Mtama umeishi na kiduha Afrika kwa maelfu ya miaka, na umeshajenga kinga za aina mbalimbali. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika. Yalipofika hayakuwahi kukutana na gugu hili, na mpaka leo ni mwenyeji mwepesi kushambuliwa. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue, alitumia njia rahisi mno: mche mchanga wa mtama katika bakuli la jeli iliyochanganywa na mbegu za kiduha. Unaangalia mbegu ya mbali kabisa na mzizi iliyoota. Mtama ambao mbegu za karibu tu ndizo zinazoota, au hazioti kabisa, ndio unaoutaka. Kutokana na kazi yake Tanzania ilitoa mwaka 2002 mbegu mbili za mtama zinazokinzana na kiduha, Hakika na Wahi, na mwaka 2009 Ejeta akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Hakuna uhandisi jeni uliohusika hapo. Ilikuwa ni kemia ya mizizi, bakuli la jeli na uzalishaji wa kawaida.

Mwaka 2017 jeni iliyokuwa nyuma ya kinga hiyo ikatambuliwa, ikaitwa LGS1. Mtama ulioipoteza hautoi tena 5-deoksistrigoli, strigolaktoni ambayo kiduha huipenda; unatoa orobankoli, ambayo kiduha huisikia kwa shida ilhali mikoriza bado wanaitika. Ndicho nilichosema mwanzo: wito umebadilishwa maneno. Na kwa kuwa kinga inatokana na kupotea kwa jeni, inafaa sana kwa uhariri wa jeni kwa CRISPR, ambao kazi yake nyepesi ni kukata na kuzima. Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliyepata tuzo ya Royal Society kwa Afrika mwaka 2020, anaongoza kazi ya kuizima LGS1 katika mitama ambayo wakulima wanaipenda, ili wasilazimike kubadilisha ladha ya ugali wao kwa ajili ya kinga. Kenya ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022, na mamlaka ya usalama wa kibayoteknolojia ikaamua kwamba mtama huo, kwa kuwa hauna vinasaba vya kigeni, hautasimamiwa kama GMO.

Mahindi yako nyuma kidogo, lakini njia imefunguka. Mwanzoni mwa 2023 jarida la Science lilichapisha kazi iliyofuatilia hatua kwa hatua jinsi mahindi yanavyotengeneza strigolaktoni zake. Ikaonekana kwamba aina za mahindi zinatofautiana: zilizo na zealaktoni nyingi huamsha kiduha kwa wingi, na zilizo na zealaktoli zaidi huamsha kidogo. Tofauti hiyo tayari imo ndani ya mahindi duniani, hivyo mzalishaji anaweza kuitafuta kwa alama za jeni na kuiunganisha na kinga nyingine, kama zile ambazo IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, ilizichota kutoka Zea diploperennis, jamaa wa mwituni wa mahindi kutoka Meksiko. Majaribio ya zamani zaidi ya kutumia RNAi, yaani kuyafanya mahindi yarushe ujumbe wa kuzima jeni za kiduha kinaponyonya, hayakuleta kinga ya kutegemewa.

Nikisikia maneno kwamba LGS1 itamaliza tatizo, huwa najizuia. Kinga ya jeni moja dhidi ya gugu lenye mchanganyiko mkubwa wa kurithi ina umri. Kiduha kina familia kubwa ya vipokezi vya strigolaktoni, vingine vikiwa na usikivu wa kutisha, na kizazi kinachosikia orobankoli vizuri huenda kiko tayari katika shamba fulani. Isitoshe, katika mitama ya Afrika toleo lililopoteza LGS1 huonekana zaidi mahali kiduha kilipo kingi. Kwingine ni adimu. Hilo linaashiria kwamba kuipoteza jeni hiyo kuna gharama yake pasipokuwa na gugu.

Sasa niseme la GMO, kwa kifupi kwa sababu linastahili ufupi katika mjadala huu. Kenya ilipiga marufuku GMO Novemba 2012 na baraza la mawaziri likaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Tanzania ilikuwa na jaribio la mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na mapema 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha majaribio ya aina hiyo. Pande zote mbili za ugomvi huo zimewahi kukitaja kiduha. Lakini tazama orodha: Ua Kayongo, si GMO. Kuvu wa vijiti, si GMO. Hakika na Wahi, si GMO. Mtama wa Runo, kwa uamuzi wa Kenya, si GMO. Hakuna silaha hata moja kati ya hizi ambayo marufuku iliifungia mlango. Anayesema wakulima wanaumia na kiduha kwa sababu ya wanaharakati wanaopinga GMO anakosea, na anayesema bioteknolojia yote dhidi ya kiduha ni mlango wa nyuma wa kampuni za mbegu naye hajaona chombo cha wali.

Upande mwingine upo mpinzani wa kiduha ambaye hakutoka kwenye chumba cha jeni. Karibu na Mbita, kando ya ziwa, watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kuwafukuza bungua wa mabua. Walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembezoni. Bungua walipungua, lakini kilichowashangaza ni kiduha, ambacho kilipotea kwenye vipande vile. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha na wakati huohuo hutoa kemikali zinazozuia mzizi wake mchanga usikomae na kushika. Wakulima wanaiita vuta-sukuma. Faida yake kubwa, ambayo hakuna mbegu ya kupaka inayoifikia, ni kwamba desmodiamu ni ya kudumu: inaendelea kupunguza akiba ya mbegu udongoni hata msimu ambao mwenye shamba hana fedha, inaongeza naitrojeni, na inakatwa kulishia ng'ombe.

Njia ya ethilini nayo imerudi kwa sura mpya. Kundi la Salim Al-Babili wa KAUST, Saudi Arabia, limetengeneza strigolaktoni za bandia na kuzijaribu katika mashamba ya Burkina Faso: unazimwaga kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, mbegu za kiduha zinajiua. Hapo bei na maji ndivyo vitakavyoamua.

Ukizipanga njia hizi zote, swali la nani anamiliki shamba linakuwa kubwa kuliko la jeni gani imetumika. Magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa mashamba mengi hukodishwa kwa msimu. Anayekodi atanunua Ua Kayongo akiipata, kwa sababu itamlipa msimu huohuo. Hatapanda desmodiamu inayochukua zaidi ya msimu kushika vizuri, kwa sababu mwenye shamba anaweza kumpa mtu mwingine mwaka kesho. Hatang'oa kiduha kilichochelewa kuchomoza, kwa sababu mahindi yake yameshaumia na atakayefaidi kung'olewa huko ni mwingine. Mwenye shamba anayeishi Nairobi au Mwanza hajui kama eneo lake linajazwa hadi mbegu 200,000 kwa kila mche. Jirani mwenye ng'ombe anawaachia watembee kote baada ya mavuno.

Kwa hiyo ningependa kila njia, iwe ya maabara au ya vuta-sukuma, itangazwe kwa takwimu mbili badala ya moja. Magunia kwa ekari tunayapata kila siku. Tunachokosa ni idadi ya mbegu hai za kiduha zilizobaki kwenye udongo baada ya msimu wa tatu. Kuipata hakuhitaji mtambo wa ajabu: sampuli za udongo kutoka pembe kadhaa za shamba, chekecheke laini, maji ya chumvi nzito ya kuzielesha mbegu na darubini. Vituo vya TARI na KALRO, taasisi za utafiti wa kilimo za Tanzania na Kenya, vinaweza kazi hiyo, na afisa ugani anaweza kuchukua sampuli akienda kwenye mashamba darasa ambayo tayari anayatembelea. Mkulima anayejua kwamba shamba analokodi limeshuka au limepanda kwa hesabu hiyo ana kitu cha kuweka mezani anapojadiliana na mwenye shamba kuhusu kodi ya miaka mitatu badala ya msimu mmoja.